Msongo unavyoila kinga ya kuku: mwongozo wa kuutambua, kuupima na kuupanga

Mshike kuku kwa ghafla umpe mwenzako. Kabla hamjakubaliana nani ashike mabawa na nani ashike miguu, damu ya kuku huyo imeshaanza kubadilika. Homoni iitwayo kortikosteroni huanza kupanda ndani ya dakika chache. Ndiyo maana anayetaka kuipima sawasawa hujitahidi atoe damu kabla ya dakika 3 kupita tangu mkono umguse kuku. Akichelewa, anachopima ni hofu ya kushikwa.

Homoni yenyewe haina hatia. Bila hiyo kuku asingemkimbia mwewe, wala asingeuvumilia usiku mmoja wa baridi. Shida huanza inapopanda isishuke, au inaposhuka kidogo halafu jambo jingine likaipandisha tena. Kuku asiye na msongo kabisa hayupo, na mfugaji anayeahidiwa dawa ya kuumaliza msongo anauziwa maji yenye rangi. Kinachowezekana ni kuhesabu misukosuko inayolipata kundi na kuipangia siku, isikutane.

Hilo nimelilipia. Matetea wangu wa wiki 16 walihamishwa kwenda banda la kutagia, wakakatwa midomo kwa mara ya pili, wakachanjwa kideri na wakaanzishiwa chakula kipya, yote siku moja. Niliona ninaokoa muda: kuku ameshashikwa, mmalize. Wiki 3 baadaye vipimo vya damu vikaonyesha baadhi yao wana kingamwili (protini za damu zinazopambana na ugonjwa) za kutosha na wengine hawana karibu kitu. Nikaanza kuilaumu chanjo. Lakini chupa zilezile zilikuwa zimechanja kundi la banda la pili, ambalo halikuguswa kwa jambo jingine lolote, na hao walikuwa sawa.

Kinachotokea ndani ya kuku

Kuku anapotishika, habari hupita njia mbili. Ya kwanza ni ya mishipa ya fahamu: adrenalini na noradrenalini hutoka ndani ya sekunde, moyo ukaenda mbio, damu ikakimbilia misuli. Ya pili ni ya taratibu zaidi. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, pituitari hutuma homoni nyingine kwenye damu, na hiyo huziamuru tezi za adrenali, zilizo kwenye ncha ya mbele ya figo, zitoe kortikosteroni. Kwa binadamu kazi hiyo hufanywa zaidi na kortisoli. Kwa kuku ni kortikosteroni.

Kortikosteroni huamuru mwili upate sukari haraka. Protini za misuli huvunjwa ili kutengeneza sukari hiyo, ndiyo maana kuku mwenye msongo wa muda mrefu hula lakini kidari chake hakijai. Mwili ukishaamua kwamba leo ni siku ya kukimbia, shughuli zinazoweza kungoja husimamishwa. Kutengeneza kinga ni mojawapo.

Namna inavyosimamishwa ni hivi. Kortikosteroni huingia ndani ya chembe za kinga, hushikamana na kipokezi chake, kisha huenda hadi kwenye kiini na kuzima utengenezaji wa saitokini, yaani zile protini ambazo chembe za kinga hutumia kuitana. Limfositi, ambazo ndizo askari wa kumbukumbu wanaoukumbuka ugonjwa na chanjo, hupungua kwenye damu: nyingine huhamia kwenye viungo, nyingine hufa. Wakati huohuo heterofili, chembe nyeupe za damu za mapambano ya haraka, ambazo kwa ndege hufanya kazi inayofanywa na neutrofili kwa mamalia, humiminika kutoka kwenye uboho. Kwa hiyo damu ya kuku aliyesongwa imejaa askari wa kupigana sasa hivi na imepungukiwa wale wa kujifunza. Ukimchanja siku hiyo, unamfundisha mwanafunzi aliyetolewa darasani.

Viungo vya kinga navyo husinyaa msongo ukiendelea kwa siku nyingi. Kuku hana tezi za limfu za kawaida kama ng'ombe. Ana thaimasi, iliyopangana vipande vipande kama shanga pande zote mbili za shingo. Ana wengu. Ana mikusanyiko ya chembe za kinga ukutani mwa utumbo, na tezi ndogo nyuma ya jicho ambayo ndiyo inayoifanya chanjo ya matone ya jicho iwe na maana. Na ana bursa, kifuko kilicho juu tu ya tundu la haja, ambamo limfositi za kutengeneza kingamwili hukomaa.

Niruhusu nichepuke kidogo hapo. Kifuko hicho kimebeba jina la Hieronymus Fabricius, mwanaanatomia wa Italia, na kwa karne tatu hakuna aliyejua kina kazi gani. Mnamo 1956 Bruce Glick na wenzake huko Ohio, Marekani, walichapisha walichokiona: kuku waliotolewa bursa wakiwa vifaranga walishindwa kutengeneza kingamwili. Herufi B katika jina la limfositi B, hata zile za binadamu, imetoka kwenye bursa ya kuku.

Utumbo nao unahusika. Noradrenalini inayomwagika huko wakati wa msongo huchochea bakteria kama E. koli na salmonela wakue upesi, na ukuta wa utumbo hulegea wakati huohuo. Kisha kuna virusi vinavyojificha. Kuku aliyewahi kupata ugonjwa wa koo unaoitwa laringotrakeitisi anaweza kukaa na kirusi hicho kimya kwa miezi, akaanza kukimwaga tena siku anazoanza kutaga au anapohamishwa. Mfugaji husema ugonjwa umeingia, kumbe umeamka.

Jambo la mwisho kabla ya hatua: msongo hujumlishwa. Joto peke yake kuku hulimudu. Msongamano peke yake pia. Ukiviweka joto, msongamano, amonia na njaa pamoja, madhara yake hupangana moja juu ya jingine, hata kama kila kimoja kinaonekana kidogo.

Hatua ya kwanza: keti bandani

Chukua ndoo, igeuze, uikalie dakika 15 bila kufanya chochote. Dakika 5 za mwanzo hazihesabiki kwa sababu kuku wanakutazama wewe. Baada ya hapo ndipo utaona hali yao halisi.

Tazama midomo: wangapi wanahema midomo wazi? Mabawa yameachia ubavu? Kuna kona isiyo na kuku hata mmoja? Kona tupu ina sababu, mara nyingi upepo au harufu. Vifaranga waliorundikana chini ya taa wana baridi. Waliojitenga ukingoni wana joto. Waliotawanyika sawasawa wako vizuri. Sikiliza pia. Kundi lililotulia huwa na mlio wa chini usiokatika. Kelele kali za ghafla, au kimya cha ajabu mchana, vyote viwili ni ishara.

Andika kiasi cha maji na chakula kila siku. Katika hali ya hewa ya kawaida kuku hunywa maji yenye uzito wa karibu mara mbili ya chakula alichokula. Maji yakipanda sana ilhali chakula kinashuka, joto limeshaanza kuwaelemea hata kama wewe hujatoka jasho.

Hatua ya pili: pasua

Kila kuku anayekufa, na kila anayechinjwa, ni ripoti ya bure. Vaa glavu. Kama unashuku ugonjwa unaoambukiza binadamu, kama mafua ya ndege, usifungue. Mwite daktari wa mifugo.

Kwa kuku wa wiki 3 hadi 6, fungua tumbo, ufuate utumbo mpana hadi mwisho. Juu yake, upande wa mgongo, utakuta kitu cha mviringo, cheupe kinachoelekea manjano, kama zabibu. Hiyo ni bursa. Ikate katikati: ndani ina mikunjo iliyosimama kama kurasa za kitabu kilicholowa. Sasa toa wengu, uuweke kando yake. Katika umri huu bursa ya kuku mwenye afya huwa sawa na wengu au kubwa zaidi. Ikiwa ndogo waziwazi, na mikunjo yake imekuwa myembamba, kinga ya kundi lako ina tatizo. Kisha chuna ngozi ya shingo uangalie thaimasi. Ya kuku mchanga inapaswa kuonekana bila kutafutwa.

Tahadhari: bursa ndogo haithibitishi msongo. Ugonjwa wa virusi uitwao Gumboro huiharibu moja kwa moja, ule wa mahepe nao huweza, na sumu ya ukungu kwenye mahindi, aflatoksini, hudhoofisha kinga vilevile. Kuku anapokaribia kutaga bursa hunywea yenyewe, kwa hiyo usimpasue mtamba wa wiki 22 ukashtuka. Angalia kuku 5 au 6, usihukumu kwa mmoja.

Hatua ya tatu: pima damu, kama unaweza

Kupima kortikosteroni yenyewe ni ghali na hupotosha kwa urahisi, kwa sababu hiyo ya dakika 3. Kipimo kinachomfaa mfugaji ni uwiano wa heterofili kwa limfositi. W. B. Gross na P. B. Siegel wa Virginia walikieleza mwaka 1983, na bado hakijapata mshindani kwa urahisi wake: tone la damu kutoka mshipa ulio chini ya bawa, lipakwe kwenye kioo, litiwe rangi, kisha mtaalamu ahesabu chembe nyeupe kwa darubini. Heterofili hutambulikana kwa punje zake nyekundu zilizorefuka kama vijiti.

Gawanya idadi ya heterofili kwa idadi ya limfositi. Kwa makadirio yao, 0.2 ni msongo mdogo, 0.5 wa wastani, 0.8 mkubwa. Uwiano huu hubadilika kwa saa, hauruki kwa dakika kama homoni, kwa hiyo kushikwa hakuuharibu upesi. Ila maambukizi ya bakteria nayo huupandisha, basi usiusome bila kuangalia kuku wenyewe. Na usihangaike kuushusha hadi sifuri: walewale watafiti waliona kuku wenye msongo wa wastani wakiwazuia bakteria kama E. koli vizuri kuliko waliodekezwa. Askari wa mapambano ya haraka wakiwa wachache mno, nalo ni pengo.

Linganisha kundi lako na lenyewe. Pima likiwa shwari, upime tena baada ya mabadiliko makubwa.

Hatua ya nne: anza na joto na hewa

Nikipewa nafasi ya kurekebisha mambo mawili tu bandani, nitachagua haya.

Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, na hana tezi za jasho. Njia yake ya kupoa ni kuhema. Akihema sana hupoteza kaboni dioksaidi, damu hupoteza uwiano wake, ganda la yai huwa jembamba, na kortikosteroni hupanda. Kuku mkubwa hustarehe kwenye nyuzi 18 hadi 24. Joto likizidi kuanzia mchana:

- Ondoa chakula saa 4 hadi 6 kabla ya kilele cha joto, ukirudishe jioni. Kumeng'enya chakula huzalisha joto, na joto hilo hutoka saa kadhaa baada ya kula. Kosa la kawaida ni kukiondoa wakati kuku wameshaanza kuhema.
- Poza maji. Shika bomba linalopita juani: likikuunguza vidole, kuku wako hawanywi. Lifunike, na umwage maji yaliyolala ndani yake.
- Pitia katikati yao polepole mara kwa mara, wasimame, joto lililonaswa chini ya miili yao litoke.
- Acha banda lipoe usiku. Kuku aliyepumzika usiku huvumilia mchana mkali. Aliyekosa usiku wa baridi huanza kesho akiwa na deni.

Vitamini C inasaidia hapa. Kuku hujitengenezea kwenye figo, lakini kwenye joto kali haimtoshi. Kiasi kinachotumika sana ni miligramu 250 hivi kwa kilo ya chakula. Anza siku moja au mbili kabla ya msukosuko unaoujua. Ukianza wakati kuku wameshalala chini umechelewa.

Amonia ndiyo adui ambaye pua ya mfugaji humzoea. Ukikaa bandani nusu saa huisikii tena, lakini vinyweleo vinavyosafisha koo la kuku vinaendelea kuharibika. Ingia asubuhi kabla ya kufungua mapazia, uchutame hadi kichwa chako kifike usawa wa kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha, imezidi. Kiwango kisipite sehemu 25 kwa milioni, na chini ya 10 ni bora zaidi. Dawa yake ni maranda makavu: shika konzi, ubane, ufungue kiganja. Yakibaki donge, yameloa, na chanzo mara nyingi ni kinyweshea kinachovuja. Fungua hewa hata siku za baridi.

Hatua ya tano: giza, chakula cha kwanza, na mkono wako

Kuku anahitaji giza. Gizani hutengeneza melatonini, homoni inayoisaidia kinga, na asipopata giza huipoteza. Baada ya wiki ya kwanza mpe angalau saa 4 hadi 6 za giza mfululizo, zianze saa ileile kila siku. Wanaowasha taa usiku kucha ili kuku ale zaidi huona uzito na hawaoni bursa.

Kifaranga apate chakula na maji mapema iwezekanavyo. Kiini cha yai kilichobaki tumboni kinaweza kumweka hai siku 2 au 3, lakini chakula ndicho kinachoukuza utumbo na viungo vya kinga. Pasha bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga, joto siku moja kabla, lifike nyuzi 32 hadi 34, wasifike sakafu ikiwa baridi.

Mkono wa anayewashika una uzito ambao wengi hawauamini. Gross na Siegel, haohao, walionyesha kwamba kuku waliozoeshwa mtu kwa upole tangu utotoni walistahimili maradhi kuliko waliopuuzwa. Ingia kwa nguo ya rangi ileile, bisha mlango kabla ya kufungua, tembea bila kukimbia. Ukilazimika kuwakamata, kamata kwenye mwanga hafifu, mmoja mmoja, mkono chini ya kidari. Kubeba kuku wanne kichwa chini kwa mguu mmoja mmoja ni haraka, lakini unajua sasa kinachoendelea ndani yao.

Hatua ya sita: panga kalenda ya misukosuko

Chukua karatasi, uandike kila jambo litakalolipata kundi: kufika, kubadilisha chakula, kukata midomo, kila chanjo, kuhamishwa, kuongezewa mwanga, kuanza kutaga. Sasa acha siku 5 hadi 7 kati ya jambo na jambo pale inapowezekana, na kamwe mawili makubwa yasianguke siku moja.

Kundi langu la wiki 16 leo ningelipanga hivi. Midomo imeshakatwa wakiwa vifaranga, haitaguswa tena. Chanjo ya sindano nitaitoa wiki ya 14, wakiwa bado kwenye banda walilolizoea. Siku mbili kabla ya kuhama wapewe vitamini. Wahame wiki ya 16, alfajiri, wakikuta vinyweshea vya aina waliyozoea. Tetea asiyetambua chombo cha maji huweza kushinda na kiu mbele ya maji. Chakula cha zamani kiendelee wiki nzima, kisha kipya kichanganywe robo, nusu, hadi kikamilike. Mwanga uongezwe baadaye, wakishatulia.

Siku ya chanjo yenyewe ukikuta wanahema, wanakohoa au wamekosa maji tangu usiku, ahirisha. Kuahirisha siku 2 hakuna hasara ya kulinganishwa na kuchanja bure, isipokuwa ugonjwa umeshapiga hodi jirani na daktari amekwambia usingoje. Chanjo ya maji ya kunywa hutaka kuku wawe na kiu kidogo: zuia maji kwa muda wa saa 1 hadi 2, na siku ya joto usizidishe. Maji yasiwe na klorini, gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita huituliza.

Na tafadhali, usiwape deksamethasoni wala prednisoloni bila daktari. Nimeona watu wakizichanganya kwenye maji kwa sababu kuku huchangamka. Hizo ni ndugu wa kutengenezwa wa homoni hiihii tunayoikimbia. Kuku anachangamka huku kinga yake ikizimwa.

Hatua ya saba: hakiki

Wiki 3 baada ya chanjo toa damu kwa kuku 15 hadi 20, waliochukuliwa kila pembe ya banda, na uombe kipimo cha kingamwili. Wastani usikupofushe, tazama namba zilivyosambaa. Zikiwa chini kwa kuku wote, chunguza chanjo na jinsi ilivyohifadhiwa na ilivyotolewa. Zikiwa zimetawanyika, wengine juu na wengine chini, rudi kwenye daftari la wiki ile: nani alishika kuku, saa ngapi, joto lilikuwa kiasi gani, na ni kitu gani kingine kilifanyika siku hiyohiyo.